Ameandika kwamba mkono wangu ni “untutored”. Nifurahi au nikasirike?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mpaka hina hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi hii nilifunzwa na shangazi yangu tangu niko msichana mdogo. Juzi kulikuwa na harusi ambayo bibi harusi nilimpaka mimi, na miongoni mwa walioalikwa alikuwako mgeni kutoka Uingereza. Aliporudi kwao akaandika makala, na kuhusu mimi akasema hivi: “With her untutored hand she gives the bride flowers that no school could teach.” Binti yangu asema hiyo ni sifa kubwa, niiandike kwenye bango la duka. Kaka yangu mkubwa asema nimetukanwa, tena si mimi peke yangu, na wazazi wetu pia. Kamusi ya simu yaniambia tu “asiyefundishwa”. Ni nani aliye sawa, na bangoni niiweke?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Binti yako ameielewa nia ya mwandishi. Kaka yako amesikia kitu ambacho hakimo katika Kiingereza chake lakini kimo katika Kiswahili chetu, na hakukosea kukisikia. Ama bangoni, usiiweke. Sababu yangu lakini si hizo mlizobishania nyumbani. Sentensi hiyo haisemi kweli, na uwongo wenyewe umo ndani ya neno hilohilo unaloniuliza.

Tulifumue. Shina lake ni “tutor”, neno lililotoka Kilatini likaingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa. Kwa Warumi wa kale, tutor alikuwa msimamizi wa yatima: mtoto akifiwa na baba, sheria humpa mtu wa kumlinda yeye na mali yake mpaka abaleghe. Kwa Waingereza neno likahamia kwa mwalimu, lakini si mwalimu yeyote. Ni yule anayekabidhiwa mtoto mmoja au wachache. Matajiri walimwajiri akae nyumbani awasomeshe wana wao, na katika Chuo Kikuu cha Oxford ndiye anayekaa na mwanafunzi ana kwa ana. Ukiongeza “-ed” mwishoni unapata mtu aliyepitia mikononi mwa mwalimu wa namna hiyo; ukitanguliza “un-” umekanusha. Hutamkwa an-TYU-tad, na uzito wa sauti huangukia silabi ya pili.

Kwa hiyo “untutored” hujibu swali moja tu: yuko aliyekaa na mtu huyu akamfundisha? Jibu lake ni hapana. Halisemi kama anaweza au hawezi, kama ana akili au hana. Mtu aweza kuwa “untutored” na kazi yake ikawa bora kuliko ya waliosomea, na aweza kuwa “untutored” na kazi yake ikawa ovyo. Umahiri hausemwi na neno hili, husemwa na maneno yaliyo kando yake, nami nitayarudia.

Kwanza tumpe kaka yako haki yake. Sisi tukisema mtu “hakufunzwa”, hatuzungumzii masomo. Twazungumzia adabu. Mtoto akipita mbele ya wakubwa bila salamu, watu huulizana kwao hakufunzwa? Hata methali yetu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, haihusu hesabu wala kusoma. Halafu hili limesemwa penye harusi! Harusini neno lililo jirani ni kufunda: mwari hufundwa na somo yake kabla ya kuingia nyumbani kwa mumewe, na kusema mwanamke fulani hakufundwa ni kumvunjia heshima yeye na waliomlea. Kaka yako aliposoma kwenye simu “asiyefundishwa”, sikio lake likaenda moja kwa moja huko, akaona wazazi wamesemwa. Mwambie kwa upole kwamba Mwingereza yule hakufika huko. Neno lake lahusu ujuzi, si malezi.

Sasa turudi kwenye maneno yaliyo kando, maana matumizi ndiyo yanayoonyesha kama umesifiwa au umeshushwa.

Mara nyingi kabisa utalikuta mbele ya jicho au sikio: “to the untutored eye”, yaani kwa jicho la asiyejua. Hapo halimuumizi mtu, kwa sababu anayeambiwa hajui ni mtazamaji, na aghalabu mwandishi hujitia humo mwenyewe. Chukua kazi yako. Kwa mgeni aliyeketi sebuleni, hina ni hina. Wewe ukiuona mkono kwa mbali tu wajua huu umepakwa Kiarabu: maua makubwa, majani marefu yakishuka kwa mshazari kutoka kifundo cha mkono mpaka kidole cha shahada, na ngozi imeachwa wazi baina yake ili ua lipumue. Na huu umepakwa Kihindi: umejazwa, mistari myembamba imebanana hadi kwenye kiwiko, hakuna pahali pa kuweka ncha ya sindano. Jicho la mgeni halioni tofauti hiyo, nalo ndilo hasa “untutored eye”. Mwandishi wako angelitumia neno hilo kwa jicho lake badala ya mkono wako, angekuwa amesema kweli tupu.

Likikaa mbele ya sauti, mkono, kipaji au akili, angalia linaunganishwaje na sifa inayofuata. “An untutored but lovely voice” ni sauti nzuri ijapokuwa haikufundishwa: hiyo “but” yakwambia kwamba kutofundishwa kumehesabiwa kuwa upungufu, kisha mtu akasamehewa. Majaji wa mashindano ya nyimbo hupenda kuandika hivyo. “Untutored grace” haina “but”. Huko kutofundishwa kwenyewe ndiko kunakosifiwa, kama kwamba mafunzo yangeuharibu uzuri. Sentensi yako ni ya kundi hili la pili. “Flowers that no school could teach”, maua ambayo hakuna shule ingeweza kuyafundisha: huyo anasifu, tena kwa moyo. Binti yako hakukosea.

Mtindo wa tatu ni neno kuja baada ya kitenzi likifuatwa na “in”: “untutored in law”, hakusomea sheria. Huo ni wa kueleza tu. Na mitindo yote mitatu ni ya kalamu. Mwingereza barabarani halitamki neno hili. Atasema fulani hajawahi kupata masomo, au kwamba ni “a natural”, yaani kazaliwa nalo.

Ningeweza kuishia hapa kama swali lako lingekuwa la kamusi peke yake. Lakini neno hili lina historia, na historia hiyo ndiyo iliyomfanya mgeni wako aliandike bila kukuuliza ulijifunza wapi.

Mwaka 1594 Shakespeare alimtolea shairi lake refu mtukufu mmoja, Earl wa Southampton, akayaita maneno yake mwenyewe “my untutored lines”. Huo ulikuwa unyenyekevu wa mshairi mbele ya mfadhili, na washairi wetu wanaujua vizuri: nani hajasikia malenga akianza kwa kuomba radhi kwamba yeye ni mchanga, hajui kitu? Mtu akijisemea hivyo mwenyewe ni adabu. Mwingine akikusemea, mambo ni mengine.

Katika miaka ya 1733 na 1734 Alexander Pope alichapisha shairi lake kuhusu binadamu, na ndani yake mna Mhindi Mwekundu wa Marekani ambaye “untutor’d mind” yake humwona Mungu mawinguni na kumsikia katika upepo. Pope alikuwa akiwasuta wasomi wenye kiburi, hakuwa akimcheka yule mtu. Hata hivyo tazama alivyolidhani jambo: kwamba mtu yule hana wa kumfundisha. Hana wazee, hana wa kumsimulia habari za Mungu wake, kila kitu alikiokota angani! Watu wale walikuwa na waalimu wao, na mafunzo yao, na miaka ya kujifunza. Pope hakuwaona kwa sababu hawakufanana na waalimu wa kwao.

Karne hiyo Ulaya ilishikwa na hamu ya kumtafuta msanii asiyefundishwa, mtu wa shamba ambaye mashairi yamtoka kama maji ya chemchemi. Wakampata Robert Burns, Mskoti, mwana wa mkulima, aliyezaliwa 1759. Alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1786, mhakiki Henry Mackenzie alimwita mkulima wa jembe aliyefundishwa na mbingu. Sifa hiyo ikamganda. Ukweli ni kwamba babake Burns, pamoja na majirani wachache, walichangishana fedha wakamwajiri kijana aitwaye John Murdoch awasomeshe watoto wao. Burns alikuwa na mwalimu wa kukodiwa, “tutor” kwa maana yake kamili! Alisoma sarufi ya Kiingereza, akasoma Kifaransa, akawasoma washairi waliomtangulia. Na kwa kuwa habari ya mbingu iliuza vitabu, yeye mwenyewe hakujishughulisha kuikanusha. Katika kitabu kilekile alikuwa amejitambulisha kama mshairi wa kawaida asiyefungwa na kanuni za sanaa. Haya nakueleza kwa sababu ndiyo shawishi iliyo mbele yako wewe na bango lako. Kujiita usiyefundishwa huuza. Aliyelipwa kukufundisha, au aliyekufundisha bure, ndiye anayefutwa.

Kwetu yametokea kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad wa Unguja. Kwa kuwa alizaliwa shamba katika familia ya wafinyanzi na hakupata shule, utasikia watu wakisimulia kama kwamba sauti ile ilitoka mtungini ikaenda moja kwa moja Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Baina ya mtungi na santuri kulikuwa na Ali Muhsin, mtu wa kundi la Ikhwani Safaa, aliyemkalisha chini akamfundisha kuimba na kufuata ala. Siti hakusoma shuleni. Kufundishwa alifundishwa, tena na fundi. Ukimwandika “unschooled” utakuwa umesema kweli, ukimwandika “untutored” utakuwa umemdhulumu Ali Muhsin.

Sisemi neno hili halina mahali pake. Srinivasa Ramanujan wa India ya kusini alipata hesabu za juu kwa kujifungia na kitabu kimoja kikubwa cha kanuni ambacho hakikueleza mengi, akafika mahali ambapo karibu naye hapakuwa na wa kumwongoza. Mwaka 1913 akamwandikia barua mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, naye Hardy akashangaa. Waingereza humwita “untutored genius”, na kwa hesabu alizozifanya kabla ya barua ile, jina lamfaa. Edward Saidi Tingatinga pia, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao, hakusomea uchoraji popote. Kwake neno halina ubishi. Lakini wale waliojifunza kazi kwake, wakajifunza wengine kwa hao, mpaka uchoraji ukabeba jina lake, hawawezi tena kuitwa hivyo. Walikuwa na mwalimu, na mwalimu ni Tingatinga.

Na hapa ndipo ulipo wewe. Uliniandikia kwamba shangazi yako alikufunza tangu uko mdogo. Sikukuona ukijifunza, lakini kwa jinsi kazi hii inavyofunzwa Mji wa Kale, naweza kukisia. Hukupewa kuchora siku ya kwanza. Ulipewa kuchekecha: unga wa hina unapitishwa kwenye kitambaa chepesi mpaka kisibaki chembe, kwa sababu chembe moja huziba tundu la koni na mstari ukakatika katikati ya kiganja cha mtu. Kisha kukanda kwa ndimu, na kujua kwa kuangalia tu kwamba imelala vya kutosha. Kisha vidole na nyayo za watoto siku ya sikukuu, ambako ukikosea hakuna wa kulia. Bibi harusi alikuja mwisho, na shangazi ameketi pembeni akikutazama mkono. Hayo ni mafunzo. Yana daraja, yana mtihani, na yana mwalimu ambaye anawajibika mbele ya jamaa za bibi harusi mwanafunzi akiharibu. Mgeni hakuona darasa, akaandika hakuna mafunzo.

Nasema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu nalisoma kila mara katika maandishi ya Kiingereza kuhusu pwani yetu. Seremala wa milango ya nakshi, mfuma kofia, mpiga zumari, fundi wa majahazi: wote huandikwa “untutored”, “instinctive”, “natural”, na wanaowasifu hivyo ni watu wema. Fundi aliyekaa miaka chini ya fundi huambiwa ujuzi wake umeota kama nyasi. Mimi naona ni bora kusifiwa kidogo kwa kweli kuliko kusifiwa sana kwa namna inayomfuta aliyekufunza.

Kamusi yako ilikupa neno moja tu; je, kuna maneno gani mengine ya Kiingereza ya karibu? Yako mengi, na hayalingani. “Self-taught” ni aliyejifunza mwenyewe. Humpa mtu sifa ya juhudi, lakini kwako nalo si kweli. “Natural” lina joto, na “innate” ni la wanasayansi, la kitu unachozaliwa nacho; yote mawili twaweza kuyachukua kwa kipawa au kipaji. “Raw” husemwa sana juu ya wachezaji chipukizi wa mpira: kipaji kipo, bado kibichi. “Unlettered” ni asiyejua kusoma na kuandika. “Untrained” ni kavu, la maofisini. Waliosoma shule za Kenya zamani wanawakumbuka walimu wa UT, waliofundisha bila kusomea ualimu, na wengi wao walifundisha vizuri. La kuogopa ni “artless”. Likisemwa juu ya mtu ni sifa, ana moyo mweupe, hana hila. Likisemwa juu ya kazi ya mikono laweza kuwa na maana kwamba haina ufundi. Mtu akikuandikia hilo juu ya hina yako, niulize tena kabla ya kumshukuru.

Basi bango. Ukiacha suala la ukweli, kuna suala la biashara. Anayesimama mbele ya duka lako Kibokoni akisoma Kiingereza si mwanafasihi. Ni mtalii anayefikiria kukupa ngozi yake, au mama wa bibi harusi aliyetoka Nairobi. Siku hizi watu wamesikia habari za piko, ile hina nyeusi, jinsi dawa ya nywele nyeusi iliyomo inavyoweza kumuunguza mtu ikamtoa malengelenge, na wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Mtu huyo akikuta bangoni neno linalomwambia kwamba mpakaji hakufundishwa na yeyote, atapita. Mwandikie kinachomtuliza, nacho ndicho cha kweli: “Bridal henna. I learned this craft from my aunt, here in Old Town.” Kwa Kiswahili andika “Hina za harusi. Kazi nimefunzwa na shangazi”, na ukipenda taja jina la shangazi, kama yu hai kwa ruhusa yake. Watu wa Mji wa Kale wakiliona jina hilo hawatahitaji sifa nyingine.

Mwandishi naye mwandikie, kwa wema, maana alikutakia mema. Makala za mtandaoni hurekebishwa kwa dakika moja. Sentensi yake haihitaji kuvunjwa, yatosha kubadilisha mwanzo tu: “With a hand trained by her aunt, she gives the bride flowers that no school could teach.” Maua yake yamebaki, shule yake imebaki, na shangazi amerudi mahali pake. Kabla ya kuituma, msomee kaka yako kwa Kiswahili: kwa mkono uliofunzwa na shangazi yake, humpa bibi harusi maua ambayo hakuna shule ingeyafundisha. Sidhani kama atakuwa na la kupinga.